Dawa ya Tonton Valens

Goma, hospitalini, tarehe 9 Novemba 2025

Mupendwa mudogo wangu Valens,

Habari za siku nyingi? Baridi ya huko imeanza kuuma? Muke wako Céline hajambo? Na Shekinah anaendelea vizuri na masomo, ao bado analia kila asubuhi kama wewe ulivyokuwa unalia kwenye mulango wa shule? Sisi huku tunapumua. Papa anakusalimia sana. Amebaki Karuba kulinda nyumba na ng'ombe wawili tuliobakiwa nao, na kila muntu anayeshuka Goma anamubebesha fromaji ya maziwa yao ya kutuletea. Mimi niko muzima, isipokuwa mugongo, maana sisi wenye kulinda wagonjwa hapa tunalala chini.

Najua utashangaa: barua ya karatasi, kana kwamba simu hazipo. Simu iko kwa Umuhoza. Anaiweka chini ya muto. Kila sauti unayotuma anaisikiliza yeye wa kwanza, na kila ninachosema anakisikia, kwa sababu mukeka wangu uko chini ya kitanda chake. Haya ya leo sitaki ayasikie. Sista Athanasie wa Mushaki, yule aliyekuvuta masikio kwenye katekisimu, anaenda Ubelgiji kwa mukutano wa shirika lao, na amekubali kukuwekea barua hii mukononi. Ninaandikia nje, karibu na kamba za kuanikia nguo, karatasi juu ya magoti. Usicheke mwandiko.

Valens, nina ombi moja, na ninaliweka hapa mbele ili usipate kulitafuta. Mwambie mutoto wangu kwamba dawa yako haitamufikia. Mwambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako ile anayoipenda, akubali kukatwa muguu. Daktari anasema uvimbe bado uko kwenye goti, lakini haupendi kukaa mahali pamoja. Ukihamia kwenye mapafu, kukata hakutakuwa na maana tena. Na Umuhoza amekataa. Anasema anangojea dawa ya mujomba wake, dawa ya tonton Valens.

Wewe habari ulizipata vipande vipande, rezo ikikatika katikati ya kila neno. Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, na unisikilize mupaka mwisho kwa mara moja katika maisha yako.

Ilianza na chukudu, ao sisi tulisema ni chukudu. Umuhoza alikuwa anateremsha viazi juu ya lile baiskeli letu la mbao kwenda soko la Mushaki, chukudu likamuponyoka kwenye muteremuko, usukani ukamupiga juu ya goti. Nani katika Masisi hajapigwa na chukudu? Tukapaka siagi ya moto, tukasahau. Lakini maumivu hayakusahau. Yalikuwa yanamuuma hata akikaa, hata akilala, na hiyo ilipaswa kutuambia kitu. Haikutuambia.

Tukamuita Muzee Mbonigaba. Humukumbuki? Njo yeye aliyekuunga mukono ulipoanguka kwenye mukaratusi, ukitafuta kiota ambacho hakikuwa na kitu. Kutoka kwetu Karuba mupaka Kitshanga, muntu akivunjika ao ng'ombe akiteguka, anaitwa yeye. Alikuja na majani yake na siagi yake, akakanda, akafunga goti kwa vipande vya mianzi. Akarudi tena, akakanda tena. Umuhoza aliuma kitenge asipige kelele, akimuonea muzee haya.

Basi siku moja mukono wa Mbonigaba ukasimama juu ya goti. Uso wake ukafunguka. Akaniambia, "Mama Umuhoza, leta mukono yako hapa. Unasikia? Mufupa iko najenga!"

Nikaweka mukono. Kulikuwa na kifundo kigumu kama jiwe. Na wewe unajua, hata ukijifanya Muzungu unajua, kwetu kifundo kigumu ni habari njema. Mufupa ukiungana unafanya fundo pale ulipokuwa umepasuka, na Mbonigaba amegusa mafundo ya namna ile maisha yake yote, kwa watu na kwa ng'ombe. Hajawahi kuona fundo linaloua. Alilegeza mianzi. Papa akamupa mbuzi. Jumapili ile Umuhoza alipeleka fromaji altareni, sadaka ya shukrani, na baada ya misa wamama wakamuzunguka kila mumoja anataka kugusa. Valens, nusu ya parokia iligusa uvimbe ule ikimushukuru Mungu. Nikikumbuka hilo ninatamani kumupiga muntu makofi, lakini sijui nianze na nani. Pengine nianze na mimi.

Kifundo kikaongezeka. Sisi tukasema mufupa unapata nguvu. Alipoanza kuchechemea, tukasema amezoea kudekezwa. Mimi njo nilisema hivyo, kwa kinywa hiki.

Halafu muguu ukavunjika. Hakuanguka wala hakusukumwa. Aliinama kuinua ndoo ya maziwa, nikasikia mulio, nikadhani ni ndoo. Nilianza kumukaripia kabla sijageuka. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye matope, maziwa yamemwagika juu yake, ananiangalia bila kulia, kama muntu anayeuliza njia. Vijana wakamubeba kwa machela ya mianzi hadi barabara kubwa, na huko tukapata gari la wauza makaa.

Daktari aliyetupokea ni kijana wa Nyabiondo, mupole, anayechoka kabla ya saa ya kuchoka. Alituwekea picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, kwenye mwanga wa dirisha. Akanionyesha kwa kidole: hapa mufupa umeliwa, umebaki kama mukate uliotobolewa na panya. Na hapa nje umejengwa, miba miba, mahali pasipostahili kuwa na mufupa. Kile kifundo chetu. Kile tulichokipelekea Mungu fromaji. Akakata kipande kidogo, kikatumwa nje ya nchi kusomwa, tukangoja tukadhani wametusahau, mwishowe jibu likarudi: kansa ya mufupa, ile inayopenda vijana wanaokua.

Hapo njo sauti zako zikaanza. Sikatai, ulieleza vizuri, mimi mwenyewe nilielewa. Ulisema ndani ya mufupa kuna wenye kubomoa na wenye kujenga, wanafanya kazi pamoja siku zote, hawa wanatoa cha zamani, wale wanaweka kipya, na hivyo njo mufupa unaishi. Uvimbe unaingia katikati yao na kutoa amri zake. Wenye kubomoa wanabomoa bila kupumzika, wenye kujenga wanapotea wanajenga ovyo. Na mufupa ukibomoka, ndani yake kunatoka chakula kilichokuwa kimewekwa, uvimbe unakula, unapata nguvu ya kubomoa zaidi. Umuhoza alishangaa sana. Mimi sikushangaa. Sisi tunaolima Masisi tunajua hiyo namna: wanaingia katika shamba lako, wanakula mavuno yako, na nguvu ya mavuno yako njo inawapeleka kwenye shamba la jirani. Wewe ulihitaji mashine gani kubwa ili ujue hiyo?

Halafu ukasema ile nyingine. Ulisema siku hizi, pale labo kwenu munapofanya utafiti, munatafuta dawa inayolenga. Dawa ya zamani inapiga kila kitu, nywele, tumbo, damu, lakini hii ya kwenu itakata tu ile amri ya uvimbe na kuacha mwili salama. Umuhoza akakuuliza, lini? Na wewe, Valens, muntu uliyesoma kuliko ukoo mzima, ukamujibu, "Tuko karibu sana, mutoto wangu. Usikate tamaa."

Karibu na nini? Karibu na panya wenu wa kwenye visanduku? Nilimuuliza daktari, karibu ya watafiti ni ya namna gani. Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema ni miaka, na mara nyingi haifiki, na ikifika inafika kwanza kwa wengine. Lakini Umuhoza hakumusikia daktari. Alikusikia wewe. Neno lako "karibu" amelirudia mupaka betri ikaisha. Ana miaka kumi na tisa, ana muchumba kule Nyabiondo ambaye tangu ajue hajatuma hata salamu, na wewe umemwambia anaweza kubaki na miguu yake yote. Ungeniambia mimi hivyo, hata mimi ningekataa kisu.

Na unajua kinachonichoma zaidi? Hiyo dawa ya zamani unayoidharau, ile chimio, inayopiga kila kitu. Daktari anasema ilijulikana mimi sijazaliwa. Mimi sasa nina mvi, nayo bado haijafika Karuba. Hapa Goma leo ipo, kesho hakuna, barabara imefungwa, ndege hakuna, mugonjwa aliyeanza anaachwa katikati. Munatafuta mupya ya nini, Valens, na ile ya kale haijatufikia? Niambie. Ninauliza kwa kutaka jibu.

Na jambo la mwisho, kisha ninyamaze. Ulituma ujumbe ukasema kama watakata, unaomba kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya kazi yenu, maana kutoka pande zetu hamupati. Mama alizikwa hukuja, ulisema visa. Umuhoza amelala hapa tangu mavuno ya maharagi, hujaja, unasema kazi. Lakini kipande cha mutoto wangu, hicho unakitaka. Papa nilimupigia simu, nikamusomea. Akasema hakuna kipande cha ukoo wetu wa Kanyamibwa kitakachotupwa katika shimo la hospitali wala kusafiri kama barua. Wakikata, muguu urudi Karuba, uzikwe karibu na Mama, ukiwa mzima.

Basi. Piga simu. Mwambie.

Goma, tarehe 20 Novemba

Valens, Sista Athanasie hajaondoka. Karatasi zake zilikawia, mupaka wa nchi ukafungwa, ukafunguliwa. Nilifikiri nichane kurasa za kwanza, maana mambo yamebadilika. Nimeamua kuziacha. Hasira ilikuwa yangu na karatasi niliitafuta kwa shida, kwa hiyo isome kama ilivyo.

Muzee Mbonigaba alikuja. Hakuna aliyemuita. Alipanda pikipiki Karuba akiwa na koti lake la misa, akashuka hapa amejaa vumbi mupaka kwenye nyusi, akauliza kila kitanda mutoto wa Emérita, yaani wangu, yuko wapi. Nilipomuona nilijisemea, huyu nitamufukuza. Nilikuwa nimeandaa maneno, na wewe unajua mimi maneno siyakosi. Alipofika kitandani alivua kofia, akasimama tu. Nikamupa kigoda.

Umuhoza ndiye aliyeanza. Alikaa vizuri, akajifunga kitenge, akamuuliza kama anavyouliza muntu mukubwa.

"Tate, wewe ulisema mufupa iko najenga. Daktari anasema ni ya kukata. Tonton anasema dawa iko karibu. Nimusadiki nani?"

Mbonigaba aliangalia mikono yake. Akasema, "Mutoto yangu, hii mikono haikukosa kitu. Ilisikia ngumu, na ngumu ilikuwapo. Lakini miye nilitaka upone. Njo maana nilisikia kupona."

Muzee akaongeza, "Na mujomba yako naye anataka upone. Sana. Kunipita miye."

Hakukutukana, hata mimi nilipokuwa ninangojea akutukane. Umuhoza alichukua simu yako, ninamaanisha simu yenye sauti zako, akaisikiliza ile ya "tuko karibu sana" mara moja tena, imewekwa sikioni, uso kwenye ukuta. Kisha akanirudishia simu. "Mama, umuite daktari."

Nilikasirika, Valens. Nilikuwa nimeomba na kulia na kufunga chakula ili akubali, na alipokubali nilitaka kumwambia, ngoja kwanza, pengine tonton anajua. Fikiria ujinga huo. Nilitembea mupaka kwa daktari nikishika ukuta.

Walimukata asubuhi iliyofuata, juu ya goti, karibu na nyonga. Baba yake, Jean-Claude, hakuwapo. Yuko Walikale kwenye machimbo, simu yake haipatikani, nimemutumia habari kutoka muntu kwa muntu na sijui zimeishia kwenye kilima gani. Nilitia sahihi mimi. Alipozinduka aliuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, akasema kisigino kinamuwasha. Kisigino ambacho hakipo! Daktari anasema ni kawaida. Huku kila kitu ni kawaida.

Kuhusu muguu. Nilitoka pale na muzigo umefungwa ndani ya plastiki, sijui nielekee wapi. Mbonigaba alikuwa bado kwenye benchi nje, na koti lake. Akasimama, akanyosha mikono miwili. "Munipe miye," akasema. "Nitamufikisha nyumbani." Alisema nitamufikisha, kama muntu. Nikaufunga muguu ndani ya kitenge changu cha buluu, kile ulichonitumia mwaka wa harusi yako. Akapanda nyuma ya pikipiki, akaupakata.

Kwenye barieri kabla ya Mushaki wale vijana wenye bunduki wakawasimamisha. Unajua kazi yao: fungua, toa, lipa. Wakaona muzee amekumbatia kitu ndani ya kitenge kizuri, wakadhani ni nyama ao ni kitu cha thamani. "Fungua." Mbonigaba akawaomba. "Fungua, muzee!" Akafungua. Aliporudi kutuona alinisimulia kwamba mumoja wao, mudogo kuliko Umuhoza, alivua kofia. Kamba ikateremuka, hawakuomba kitu. Ni mara ya kwanza muntu wa Karuba amepita pale bure, na unaona tulichopaswa kubeba ili tupite.

Papa alichimba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Wameuzika karibu na Mama, chini ya muparachichi, katekista akasali sala fupi kwa sababu kitabu chake hakina sala ya muguu. Majirani walikuja na maharagi kama wanavyokuja kwenye matanga. Mbonigaba aliacha pale kifungu cha mianzi yake na kikopo cha siagi. Tangu siku ile muntu akimuletea goti lenye uvimbe, haligusi. Anasema, "Nenda Goma, upigwe radio." Watu wanamukasirikia, wanasema amezeeka. Goma ni mbali, na radio si ya bure.

Sasa lile ombi lako la kipande. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua, nilikwambia pale juu. Lakini Umuhoza alisikia daktari akiniuliza, akajibu yeye. "Apewe. Si ametaka?" Nikamukumbusha Babu yake, na kwamba muguu uzikwe mzima. Akasema Babu asiambiwe. Kisha akasema hivi, na ninakuandikia kama alivyosema: "Wasichana wengine wako pale Karuba, Mama. Wanasukuma chukudu. Tonton akimaliza dawa yake, aanzie kwao."

Kwa hiyo Sista anakuletea vitu viwili, barua hii na kisanduku. Daktari amekifunga kipande ndani ya nta, nyeupe, kama kitako cha mushumaa. Ukikishika mukononi hakina uzito wowote. Najua huko mutakiandikia namba. Andikeni. Lakini wewe ukikikata vikaratasi vyembamba chini ya mashine yako, ujue unamukata nani. Na usiwaambie wenzako habari ya fromaji altareni, sitaki watucheke.

Nisalimie Céline, mwambie nguo za ndani alizotuma zilifika na Umuhoza amezivaa. Nisalimie Shekinah, mwambie shangazi yake anaomba picha aliyoichora yeye, isiwe ya kompyuta. Emérence wa kwa katekista anakusalimia, amejifungua muvulana. Papa anasema upunguze nyama na usali. Mbonigaba hakusema nikusalimie, lakini aliniuliza kama ule mukono aliokuunga unakuuma wakati wa baridi. Umujibu, tafadhali.

Nilikuwa nimefika mwisho, nimeandika mupaka baraka, nikaifuta. Kuna kitu kimoja bado.

Jana daktari aliniita pembeni. Walikuwa wamepiga picha ya kifua. Kuna madoa, Valens. Madogo, upande wa kushoto, matatu ao zaidi, hajui vizuri, mashine yenyewe ni ya zamani. Anasema yaweza kuwa ni kile tunachoogopa. Anasema chimio ingeanza sasa hivi, lakini haipo. Ilipaswa kufika na gari ambalo halijafika. Nilimuuliza, angekuwa ni dada yako? Akairudisha ile picha ndani ya bahasha.

Niliporudi Umuhoza alikuwa anajifunza kusimama na magongo, anajishikilia kwenye chuma cha kitanda, jasho linamutoka, anacheka. Wagonjwa wengine walikuwa wanamupigia makofi. Akaniuliza, "Mama, mapafu je?"

Nikamwambia ni safi.

Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, Valens. Haikutetemeka. Nilisema safi, na alipomushukuru Mungu mbele yangu nikajibu amina. Kurasa zile za mbele, zile nilimokutukana kwa ajili ya neno moja la "karibu", nimezisoma upya asubuhi hii. Sizifuti. Lakini sasa ninajua ulivyokuwa umeshika simu siku ile ulipomujibu Umuhoza.

Kwa hiyo ninageuza ombi langu. Usimwambie kitu. Niambie mimi. Ile dawa yenu, ile inayolenga, imefika wapi? Isiwe kwa simu, simu iko kwake. Andika kwa mukono, umupe Sista wakati wa kurudi. Na ukiandika karibu, nitakusadiki.

Mungu wa Mama yetu akulinde huko barafuni, na mikono yako aiongoze.

Dada yako anayekupenda hata akikukasirikia,

Emérita